Diski ya Baba Haionekani

14 Januari

Mdogo wangu Nati,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa mvua imetoboa dari ya chumba cha kati. Nimetega ndoo mbili, moja inalia nene na nyingine nyembamba, kwa hiyo tunalala kwa muziki. Wifi yangu anaendeleaje? Na huyo binti yenu ameshaota meno mangapi? Mbusu shavu la kushoto kwa niaba yangu, la kulia nitalimaliza mwenyewe nikija.

Simu nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza uko kazini, ya pili uko njiani, ya tatu uko bafuni. Kwa kuwa hakuna mtu anayeoga wiki nzima, nimerudi kwenye kalamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa bwenini. Na afadhali, maana nina shida ya kompyuta, na maelekezo ya kompyuta nayataka kwenye karatasi, niyaweke mezani nifuate mstari kwa mstari.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeitoa kompyuta ya Baba chini ya kitanda. Imelala pale tangu likizo yako ya mwaka juzi, ile asubuhi uliyoondoka ukatuambia diski imekufa kwa sababu Baba alichomoa waya wakati mashine inaandika, na kitabu chake kimekwenda nayo. Miaka sita alikuwa anadonoa kwa vidole viwili, anaandika maradhi ya kila saa aliyowahi kuifungua tangu ujana wake wa ufundi saa. Yaliyopita yamepita. Ila Baba wa sasa si yule uliyemwacha, na nadhani akiwekewa mbele yake mashine inayowaka ataanza upya, hata kama ni ukurasa mmoja kwa mwezi.

Karani mwenzangu pale chuoni amenipa flashi yenye mfumo mpya wa kompyuta. Nimeichomeka, nikawasha, ikaanza vizuri mpaka nikajiona fundi. Kabla sijamaliza kujisifu ikaandika kwamba kuna draiva inayohitajika haipo, eti niitafute. Draiva gani, ya kitu gani, haisemi. Nimebonyeza "sawa" mpaka kidole kikachoka, na kila mara inanirudisha palepale.

Wewe ndiye fundi mkuu wa ukoo huu. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote, kwa sababu mimi ndiye huyo.

Baba anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia habari za kompyuta, akasema nikuambie anaomba radhi tena kwa kukuharibia likizo yako.

Dada yako


2 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, na ni kweli siogi. Kazi imenikalia kooni. Kampuni imehamia jengo jingine, na mimi ndiye wa kufungua mashine themanini huku na kuzifunga upya kule ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Mke wangu hajambo, anakusalimu sana. Binti ana meno manne na hana utani nayo. Juzi ameyajaribu kwenye sikio langu. Poleni na dari. Mtafute yule fundi bati wa zamani, ila usimkabidhi kazi yote kwa siku moja, anapenda kupotea.

Kuhusu mashine ya Baba, nisikuzungushe: achana nayo. Diski ile ilikufa, na huo ujumbe wa draiva ni dalili tu ya ubovu wake. Utapoteza Jumamosi zako bure. Hapa ofisini hutoa mashine za zamani kila baada ya miaka michache. Zikitolewa nitaomba moja, nitaiwekea kila kitu mwenyewe, nitawatumia kwa basi, Baba kazi yake iwe kuwasha. Hiyo iliyoko chini ya kitanda wape wanaokusanya vyuma chakavu.

Mwambie Baba hana radhi ya kuomba. Mwambie mambo kama yale humtokea mtu yeyote.

Mdogo wako,
Nati


19 Februari

Nati,

Marahaba. Dari imezibwa nusu, na fundi bati amepotea kama ulivyotabiri. Mimi nimepandishwa kazi pale chuoni, maana yake nimepewa meza ya dirishani na kazi za watu wawili. Mpe binti pole kwa kulazimika kutafuna sikio lako.

Sasa tuje kwenye diski. Umesema imekufa. Karani mwenzangu kanionyesha kwamba ukibonyeza F2 mashine inapowaka unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na humo vifaa vyote vimeorodheshwa. Nimeingia. Diski imo, na jina lake, na ukubwa wake. Maiti gani huyo anayeitika jina lake? Mimi si fundi lakini sijawa mjinga bado.

Na nikuambie jambo ambalo kwenye simu nisingeliweza, kwa sababu Baba husikia kila neno kutoka chumba cha pili. Masikio yake ni yale yale ya kusikiliza saa za watu.

Baba amefunga meza yake ya kazi. Macho hayajamshinda, mkono hautetemeki. Anasema mtu ambaye hakumbuki kwamba amechomoa waya hafai kuaminiwa na saa ya mtu. Zilikuwepo kumi na moja mezani, amezirudisha zote kwa wenyewe, nyingine hata hajazifungua. Mtaani bado wanamwita Mzee Sekunde, yeye anaitika kwa adabu na kupita.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilimpeleka hospitali. Sikukuambia. Daktari akamuuliza tarehe, akamtaka ataje miezi kinyumenyume, halafu akampa karatasi akamwambia achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Hebu fikiri, Baba anaambiwa achore saa. Akaichora na magurudumu ya ndani yote, na springi, mpaka daktari akaita wenzake waje waone. Akaniambia mzee wako ana akili kunizidi mimi. Nikashukuru Mungu. Tulipofika nje Baba akasimama, akaniambia, "Kaniuliza mambo mepesi. Mwanangu alikuwepo, aliona nilichofanya. Na kwenye mashine mwanangu hakosei."

Tangu hapo ameamua. Haendi popote peke yake. Barabara kubwa ninamvusha kwa kumshika mkono, na ananiachia nimshike. Wiki iliyopita jiko la gesi liliachwa linawaka mchana kutwa, kwa hiyo jikoni nako nimempiga marufuku. Hakubisha hata kidogo. Ningefurahi angenifokea.

Kwa hiyo usiniambie habari za vyuma chakavu. Nataka mashine ile ile, mbele ya macho yake, iwake, aone kwamba kilichoharibika kimetengenezeka. Nipe maelekezo.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Shikamoo, na hongera ya meza ya dirishani. Huku wazima. Nimechelewa kwa sababu ya hizo mashine themanini.

Haya, maelekezo. Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuongea na kifaa fulani. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini mfumo usipokuwa na draiva yake haukioni, na kwake ni kama hakipo.

Ule ujumbe wako wa kwanza ni mwongo. Unadai draiva haipo, lakini mara nyingi tatizo ni flashi yenyewe kutosomeka. Angalia matundu ya flashi ubavuni mwa mashine. Mengine yana ulimi wa bluu ndani, mengine mweusi. Ya bluu ni ya kasi na ni mapya kuliko kinavyojua kisakinishi chako, yaani hiyo programu ya kuweka mfumo. Zima, hamishia flashi kwenye tundu jeusi, anza upya. Ikikataa bado, flashi iliandikwa vibaya, mwenzako aiandike tena kwenye flashi nyingine.

Ukivuka hapo utafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, nao utakuwa mtupu. Usishtuke. Mashine ile ina kidhibiti cha diski ambacho mfumo hauna draiva yake. Chini ya ukurasa kuna mahali pameandikwa "pakia draiva". Nimekuwekea humu flashi ndogo nyekundu. Nimeitafuta draiva kwa waliotengeneza mashine, kwa kutumia namba ya kwenye kibandiko cha chini, niliyokuwa nimeiandika siku zile. Chomeka, pakia, chagua.

Diski ikionekana, simama hapo. Usifute, usigawe, usibonyeze "endelea". Niandikie kwanza.

Habari za Baba nimezisoma. Nitakujibu nikitulia.

Nati


30 Machi

Nati,

Salamu kutoka nyumbani. Fundi bati amepatikana, dari imekwisha, sasa kimya kinanikosesha usingizi. Baba ana kikohozi kidogo, si cha kutisha.

Fundi mkuu, tundu jeusi limekubali. Nilihamisha flashi, ule ujumbe wa uongo ukaondoka kama haujawahi kuwepo. Nikafika kwenye ukurasa wa diski, mtupu, kama ulivyosema. Nikachomeka flashi yako nyekundu, nikabonyeza "pakia draiva", ikanijibu kwamba haikuona draiva yoyote humo. Nikarudia mara nne. Nikadhani nimekosea mimi. Jumatatu nikaenda nayo chuoni, karani mwenzangu akaifungua akasema draiva imo lakini umeituma ikiwa imefungwa ndani ya faili la zipu, na kisakinishi hakifungui zipu. Akashangaa kidogo. Akauliza, huyu ndugu yako si ndiyo kazi yake? Nikakutetea, nikasema umechoka.

Akaifungua zipu, nikairudisha nyumbani, nikaanza upya. Diski ikatokea. Nati, nilipiga kelele mpaka Baba akaja mlangoni, akauliza nimeumia wapi.

Sikubonyeza kitu, nimekutii. Lakini nimesoma kilichoandikwa. Imeandikwa kwamba diski nzima ni nafasi tupu isiyogawanywa. Hakuna chumba hata kimoja ndani yake. Nikamuuliza karani mwenzangu maana yake. Akasema diski hii ni nzima kabisa, haijafa, imefutwa migawanyo yake yote. Nikamuuliza kama kuchomoa waya kunaweza kufanya hivyo. Akasema waya unaweza kuharibu faili, hata diski, lakini hauwezi kufuta migawanyo mmoja baada ya mwingine na kuacha pasafi hivyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa mbele ya kioo akabonyeza "futa", akaulizwa kama ana hakika, akajibu ndiyo.

Swali langu ni moja. Nani aliyebonyeza? Baba hajui hata ukurasa ule unafikiwaje.

Nasubiri jibu lako. Na unieleze kwa nini nisimame.

Dada


2 Mei

Nati,

Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo. Mwezi umepita. Sitaki kufikiri ninachofikiri, kwa hiyo nimeamua umeshikwa na kazi.

Ninakuandikia mambo mawili mafupi, na hii naituma kwa basi ifike upesi. La kwanza, Baba ameamua kutoa vifaa vyake vyote vya kazi. Yule fundi saa mwenzake wa mtaa wa pili atakuja kuvichukua Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu mwezi huu. Lenzi, koleo ndogo, ile mashine ya kuoshea, hadi stuli. Ameshavipanga kwenye sanduku na kuviandikia karatasi, kila kimoja na matumizi yake, mwandiko umenyooka kama wa mwalimu. Nilipomwambia angoje kwanza, akasema bora avitoe wakati bado anajua ni vya nini.

La pili, nimechoka kuitazama diski tupu. Jumamosi ijayo, tarehe tisa, naweka mfumo. Labda akiona mashine imewaka atasita na hilo sanduku. Kama kuna sababu ya kutofanya hivyo, simu unayo.

Dada


10 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za huku.

Ni mimi niliyebonyeza.

Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo, alasiri. Wewe ulikuwa kazini, Baba amekwenda kunyoa. Nilitaka arudi akute mfumo mpya, mashine inakimbia, afurahi. Kisakinishi hakikuiona diski, kama kilivyokufanyia wewe. Nilijua dawa yake ni draiva. Kila siku nawaambia watu ofisini, tafuta draiva kwa namba ya mashine, ipakie, usikimbilie mipangilio. Lakini intaneti ya simu ilikuwa inasuasua na nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha namna mashine inavyoongea na diski, diski ikatokea. Kisha ikakataa kupokea mfumo. Nikafuta mgawanyo wa kwanza, ikakataa. Nikafuta wa pili. Nikafuta wote. Nilikuwa nimejiambia nakala ya kitabu iko kwenye flashi ya Baba, na sikuifungua kuhakikisha. Nilipoifungua baadaye zilikuwemo sura tatu tu za mwaka wa kwanza.

Nikasikia geti. Nikarudisha mipangilio kama ilivyokuwa, nikazima. Baba akaingia na kichwa kimenyolewa vizuri, ananukia spiriti ya kinyozi, akauliza, "Vipi, imekubali?" Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kweli. Kilichotoka ni hiki: "Baba, jana uliuchomoa waya huu?"

Akafikiri. Akasema, "Sikumbuki kuuchomoa."

Nikamwambia, "Ndiyo hivyo, Baba. Hukumbuki."

Dada, sikupanga. Lilinitoka, na lilipotoka likakaa vizuri mno, kila mtu akaliamini, na yeye wa kwanza. Asubuhi yake nikalirudia mbele yenu nyote wawili mkiwa mezani, nikapanda basi.

Na kuna baya kuliko hilo. Ukifuta migawanyo, maandishi yenyewe hubaki kwenye diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Ningeweza kuichukua diski ile mfukoni nikakirudisha kitabu kwa siku mbili, ni kazi ninayoifanya kwa watu wasiokuwa ndugu zangu. Lakini diski niliyosema imekufa ningeibebaje? Kuichukua ilikuwa ni kukiri. Kwa hiyo nikaiacha. Ulipoitoa chini ya kitanda nilikuambia uitupe. Ulipokataa nilikutumia draiva ndani ya zipu nikijua haitasomeka, ili ukate tamaa mwenyewe. Nilikuambia usimame kwa sababu ya kitabu, na sikuthubutu kukuambia sababu.

Barua yako ya basi niliipata Ijumaa mchana. Nikakupigia palepale. Ulipopokea nikasikia na Baba anakohoa nyuma yako. Nikakuuliza habari za mvua. Ukasema imekatika. Nikasema vizuri, nikakata. Nilikuwa na siku nzima ya kukupigia tena. Najua jana ilikuwa Jumamosi, na najua wewe ukisema utafanya jambo unalifanya. Mfumo umekaa juu ya kitabu cha Baba, na hakuna fundi wa kukitoa chini yake.

Uliponiandikia habari za hospitali, za kuvushwa barabara, za jiko, nilikuwa nasoma nimesimama kwenye ngazi za ofisi nikakaa chini. Halafu nikakuandikia habari za tundu la bluu na tundu jeusi. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Kwenye simu nitasema nusu, najijua. Msomee Baba barua hii yote kabla ya fundi mwenzake hajaja. Usinipunguzie neno.

Nati


29 Mei

Nati,

Barua yako ilikwenda posta, ikachukua siku kumi na moja. Ilifika Alhamisi ya wiki iliyopita. Ungeileta kwa basi, lakini tuache hilo.

Nilibonyeza, ndiyo. Jumamosi ile saa tatu asubuhi, na Baba amekaa pembeni yangu nikimwonyesha. Kilipouliza kama nina hakika nikamtazama yeye, akasema endelea, mama. Mashine inawaka vizuri. Iko mezani, hajaigusa.

Nilipomaliza kuisoma barua yako mara ya kwanza nilitaka kuichoma. Nilikuwa na hasira nawe mpaka meno yaliniuma. Nilikaa jikoni kuanzia saa kumi hadi ilipokaribia magharibi, natafuta namna ya kumsomea Baba bila kukuua machoni pake. Halafu nikakumbuka lile jiko.

Nati, jiko niliacha mimi. Niliweka chai asubuhi, nikachelewa, nikatoka mbio. Niliporudi jioni na kulikuta linawaka, Baba alikuwa amelala, na alipoamka akauliza, "Ni mimi?" Nikanyamaza. Sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu, na siku ya pili nikamkataza kuingia jikoni. Na kuna ambayo sikukuandikia: miwani yake iliyopotea ilikuwa kwenye mkoba wangu. Na ufunguo wa geti, ni mimi niliyeuacha nje. Humu ndani kila kilichoharibika kimekuwa cha kichwa cha Baba, kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kimeshahukumiwa, na mimi ilinifaa. Kwa hiyo nilipokwenda kumsomea sikwenda kama hakimu.

Hakutaka kusomewa. Alichukua karatasi, akavaa lenzi yake ya kazi jichoni badala ya miwani, akasoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye yale maneno uliyomwambia akayasoma tena. Mimi nikamwambia ya jiko, na ya miwani, na ya ufunguo, kwa sauti, kabla sijapata muda wa kujizuia.

Nilidhani atauliza kitabu. Hakukiuliza, na mpaka leo hajakiuliza. Akasema, "Mwaka mzima na zaidi nilikuwa mzima." Akasema tena, "Nilikuwa mzima, nikajizika." Halafu akalia, Nati. Sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika Mama. Sikujua nimshike au nimwache, nikamwacha, maana nilikuwa nimeshamshika vya kutosha.

Jumamosi yule fundi mwenzake hakuja, kwa sababu Baba alikwenda kwake Ijumaa kumwambia asije. Alikwenda peke yake. Nilimwona kutoka dirishani anasimama ukingoni mwa barabara kubwa, anatazama kulia, anatazama kushoto, na miguu yangu yote ilikuwa inataka kumkimbilia. Nikaishika grili ya dirisha. Akavuka.

Jumatatu alitoka tena bila kusema aendako, akarudi na tiketi ya basi. Nikamwambia nitaomba ruhusa chuoni nimsindikize, ni safari ya siku mbili na kuna kubadilisha basi katikati. Akakataa. Nikamwambia basi nikupigie umpokee stendi. Akakataa hilo pia, kwa ukali ambao nilikuwa nimeusahau. Akasema anwani iko nyuma ya bahasha zako zote, na yeye kusoma anajua, na kuuliza njia anajua.

Nilimuuliza akifika atakuambia nini. Akasema hajui, atajua akikuona. Kama amekusamehe mimi sijui, hajaniambia, na mimi sijamwomba anisamehe kwa sababu naogopa jibu. Lakini jana amenyoa, amefua shati lake mwenyewe, na usiku hakukohoa.

Barua hii nilitaka kuituma kwa basi itangulie. Ameichukua mkononi mwangu, amesema ataileta yeye. Kwa hiyo sasa hivi unapoisoma hapo mlangoni, yeye amesimama mbele yako na amechoka. Mpe kiti.

Dada yako